Papai Bichi kwenye Chumba cha Vidonda

Kabla sijaona chochote, nilisikia kijiko. Kilikuwa kinakwangua kitu kigumu, taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Kinakwangua, kinanyamaza, kinakwangua tena. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barazani, mlango wa chumba cha vidonda ulikuwa wazi lakini umezibwa na pazia, na mimi nilikuwa nimesimama nje na sanduku langu la bati, nimevaa sare yenye mikunjo ya dukani. Nilidhani wanakwangua mfupa. Chuoni tulikuwa tumeambiwa kwamba hospitali za milimani mara nyingine huishiwa dawa ya ganzi. Nikajiambia, basi huyu anayekwanguliwa ni shujaa, maana halii.

Pazia likafunguka. Mwanamke mfupi, wa makamo, alikuwa amepakata bakuli la enameli, na ndani ya bakuli mlikuwa na papai bichi lililokatwa nusu. Alikuwa anakwangua nyama yake nyeupe kwa kijiko cha chai.

"Wewe ndiye Mwajuma wa Ngerengere?"

"Ndiyo. Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Weka sanduku, nawa mikono. Ukimaliza kunawa, nawa tena."

Huyo ndiye Bi Leokadia, Mluguru wa vijiji vya juu, mkuu wa chumba cha vidonda katika hospitali yetu ndogo ya misheni, ukishapita Mkuyuni kwenda Matombo. Hakuwa mtawa, ila huku kila muuguzi ni Sista, hata aliyezaa watoto saba kama yeye, hata Mwislamu kama mimi. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Ngerengere na kazi ya reli. Bi Leokadia alipolijua hilo alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani, kwa sababu sasa alikuwa na mtani, na utani wake haukuwa na likizo.

Nimestaafu mwaka huu. Ninyi mliobaki kwenye chumba kile mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi, nami nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo nilivyopata vinajulikana, na mishahara inajulikana zaidi. Nitaandika habari za vidonda, na majani, na matunda tuliyoyatumia wakati dawa za dukani hazikufika au zilipofika zimechelewa. Na nitaandika habari za mguu wa Mama Thekla.

Siku ile ya kwanza mgonjwa alikuwa babu mmoja mwenye donda la muundi, la kijivu, linalonuka hata ukisimama dirishani. Bi Leokadia aliliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akalikausha pembeni, akatandaza lile papai kwenye chachi na kulifunga. Alipomaliza, babu alivaa kandambili, akachukua fimbo, akatoka bila kumwambia hata asante. Sikuamini.

"Wazee wa huku hawashukuru?" niliuliza.

"Si amekushukuru wewe ulipompa maji ya kunywa?"

"Amenishukuru. Lakini wewe ndiye umemfunga kidonda."

"Dawa haishukuriwi, Mnyamwezi. Ukishukuru dawa, umemrudishia aliyeitoa, na ugonjwa unabaki nao mwenyewe."

"Sasa nitajuaje kama ameridhika?"

"Utaangalia kidonda," alisema, akanisukumia bakuli nikalioshe.

Mimi nilishukuriwa. Asante Sista, asante mwanangu, Mungu akubariki. Walifika mlangoni, wakageuka, wakasema. Bi Leokadia hakuambiwa hivyo hata siku moja, na nilikuwa kijana, kwa hiyo nilizipokea zile asante nikidhani wananipenda mimi kuliko yeye. Mdomo wangu ulikuwa mwepesi na mikono yangu ilikuwa laini; nilifikiri hiyo inatosha.

Mpapai wetu ulisimama nyuma ya chumba cha dobi. Wenyewe ulikuwa mti wa kawaida, mwembamba, umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani, lakini hakuna tunda lake lililoruhusiwa kuiva. Tulilichuma likiwa bado kijani kibichi, wakati utomvu wake mweupe unaruka kama maziwa ukilichoma kwa kucha. Padri wetu wa zamani alihamishwa baada ya miaka mingi bila kuonja papai bivu la misheni. Siku anaondoka alinong'ona kwamba amewasamehe wote waliomkosea, isipokuwa wauguzi wa chumba cha vidonda.

Kazi ya papai ni moja: kula nyama iliyokufa. Mpishi anayepika mbuzi mzee anajua. Vijana wa maabara walikuja mara moja kutoka mjini, wakachukua utomvu kwenye vichupa, wakatueleza kwamba ndani yake mna kimeng'enya kinachoyeyusha nyama mfu kama tumbo linavyoyeyusha chakula. Wakakitaja jina: papaini. Bi Leokadia aliwaomba walitaje tena. Akalirudia polepole, akacheka kama msichana. "Miaka yote hii nimefanya kazi naye bila kujua jina lake," alisema. Kuanzia siku ile alipoingia asubuhi na bakuli lake aliliambia, "Haya, Papaini, twende kazini."

Lakini mwenye kazi moja lazima asimamishwe ikiisha. Hilo ndilo alilonifundisha kwa ukali kuliko yote. Kidonda kikiwa na ute wa njano au kijivu, na harufu, weka papai. Ukiona chini pamekuwa pekundu, pana vichembe vidogo, panang'aa kama ulimi wa mtoto mwenye afya, acha. Usiweke hata kidogo. Ngozi mpya ni nyembamba na haina utetezi. Utomvu utaiunguza, itatoka damu, itarudi nyuma. Sasa ni zamu ya asali. Asali inavuta maji machafu kutoka ndani, inawanyima wadudu nafasi, na inakiacha kidonda na unyevu wake. Iwe asali ya kweli, iliyochujwa, si shira ya sukari iliyotiwa rangi na mfanyabiashara mcha Mungu.

"Papai ni la Wakatoliki," Bi Leokadia alikuwa akisema mbele ya wagonjwa, "asali ni ya Waislamu, imeandikwa kwenye kitabu chao. Asiyepona kwa vyote viwili tutamtafutia Mlokole."

Kwa walioungua, alitumia jani la mgomba. Alilitoa uti wake, akalipika kwa mvuke, akalipoza, akaliweka juu ya kidonda upande wenye utando kama nta. Chachi ikiwekwa juu ya ngozi iliyoungua inaganda, na kuibandua ni kumuunguza mtu mara ya pili. Jani halishiki. Nakumbuka mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa uji. Alipofunguliwa kidonda mara ya kwanza alikuwa amekaza mwili mzima akingojea maumivu, jani likateleza tu, na uso wake ukajaa mshangao, karibu hasira, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi halafu adui akamsalimia.

Msidhani ninawaambia kwamba mmea unatibu kila kitu. Nimewaona watu wameletwa na majivu ya jikoni ndani ya jeraha, na kinyesi cha ng'ombe, na unga wa betri ya redio, na wengine nimewaona wakikakamaa kwa pepopunda kwa sababu hakuna aliyewapa sindano. Nilimuuguza fundi baiskeli mmoja mwenye ugonjwa wa sukari. Nilimwekea papai, nikamwekea asali, nikachemsha majani ya mpera ya kumwoshea, kidonda kikakaa vilevile kama jiwe. Damu haikuwa inafika kwenye vidole. Mguu ulikatwa mjini, na ulikatwa kwa haki. Jani halina ugomvi na mkasi wa daktari. Kila kimoja kina siku yake, na kazi yetu ni kuitambua.

Bi Leokadia alistaafu katikati ya masika. Wiki yake ya mwisho alifanya jambo ambalo sikulielewa. Wagonjwa wote aliowaanzishia papai aliwaita mmoja mmoja. Alifungua kidonda mwenyewe, akaishika ile chachi chafu mkononi, akasema maneno machache ya Kiluguru kwa sauti ya chini, kisha akaitupa na kuniachia mimi nimalizie. Nilidhani anawaaga.

"Thekla yuko wapi?" aliuliza siku ya mwisho.

"Njia ya kwao imekatika. Maporomoko."

Alisimama mlangoni akitazama mvua kwa muda. Halafu wakamwita ndani, kulikuwa na keki ya kumuaga na watu walikuwa wanamsubiri aikate. Jioni alishuka kwenda mjini, Kilakala, kwa binti yake, na bakuli la enameli akaniachia.

Sasa Mama Thekla. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito. Alikuwa amejikata mguu kwa panga alipokuwa anapalilia migomba, sehemu ya mbele chini ya goti, akakijaza kidonda majivu, akaendelea na kazi. Alipofikishwa kwetu kidonda kilikuwa kimeoza upana wa kiganja. Shamba lake lilikuwa la pilipili manga, ile inayotambaa juu ya miti, aliyoachiwa na mama yake. Huko kwao ardhi hupitia kwa mama, ndani ya ukoo, na shamba lisilofanyiwa kazi huulizwa. Pilipili manga huchumwa kwa ngazi, kwenye mteremko ambao mbuzi hufikiria kwanza. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshatamka, kwa upole wote, kwamba Thekla akishindwa kupanda, shamba apewe binamu. Mama Thekla hakuhitaji kunieleza zaidi. Hata hivyo alinieleza kila alipokuja.

"Huu mguu ndio shamba," alisema, akilipigapiga paja. "Mkinitolea mguu, mmening'oa pamoja na miti ya mama."

Bi Leokadia alikuwa amemwanzishia papai, na lilikuwa limefanya kazi nzuri kabisa. Njia ilipopitika Mama Thekla akashuka, nikamfungua: chini palikuwa pekundu, panang'aa. Nilifurahi. Nikamwambia, kama tunavyowaambia wote, kwamba papai sasa basi, tunaanza asali. Kwa kuwa njia ilikuwa mbaya nilimpa chupa ya asali na chachi safi ajifunge mwenyewe nyumbani, aje kwangu kila siku ya gulio.

"Haya, mwanangu," alisema. Alipofika mlangoni aligeuka. "Asante sana."

Gulio lililofuata kidonda hakikuwa kimesogea. La pili, kilikuwa kimerudi nyuma. Hakikuwa na usaha, hakikuwa na harufu, kilikuwa chekundu na safi kama nyama ya buchani, lakini kingo zake zilikuwa zimechanika na kilitoa damu ukikigusa tu kwa pamba. Nikampeleka kwa daktari wetu, Daktari Elisha. Daktari alimpima sukari, ikawa sawa. Alimpima mengine, yakawa sawa. Alimpa vidonge, akavimeza, hakuna kitu. Kila juma kile kidonda kilizidi kuwa kirefu kwenda ndani, mpaka asubuhi moja nikaona kitu cheupe pale chini, laini, kama ukucha. Nilijua ni nini kabla sijamwita daktari.

Daktari Elisha aliinama akaangalia kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kukata. Angependa kukata, nisingefanya naye kazi.

"Mfupa umeanza kuonekana," aliniambia nje, barazani. "Ukiingia uchafu humo, tunaupoteza mguu mzima. Sijui kwa nini hakifungi. Wiki ijayo tumpeleke mjini, na nadhani tujue kabisa kwamba watakata."

Nilirudi ndani. Mama Thekla alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, anatazama ukutani. Alikuwa amesikia. Pazia halizuii sauti.

"Wamekubaliana na kaka yangu," alisema.

Nikaanza kusafisha meza. Niliokota ile bandeji yake aliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikataka kuitupa kwenye ndoo. Kingo zake zilikuwa ngumu. Zilikuwa na ukoko mweupe, kama uji uliokauka kwenye mwiko. Asali haikauki hivyo. Nikaileta puani, na ikanijia harufu niliyokuwa nimeivuta kila asubuhi tangu siku ya sanduku la bati: harufu ya kijani, chungu kidogo, ya tunda lililokatwa kabla ya wakati wake.

"Mama Thekla, hili papai limetoka wapi?"

"Kwangu," alijibu, bila hata kubadilisha sauti. "La hospitali si mliacha kunipa?"

"Tuliacha makusudi! Nilikwambia basi."

"Wewe uliniambia. Aliyenipa hajaniambia."

"Aliyekupa ni nani?"

"Leokadia. Mkono wake ndio uliotoa dawa. Mwenye dawa ndiye anayekuja kuichukua. Nikiiacha kabla hajaichukua, na ile nyingine haitashika. Hilo kila mtu analijua." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba mlango unafunguka kwa kuvutwa. "Sikukataa maneno yako, mwanangu. Nilikungojea umlete."

"Na asali niliyokupa?"

"Sikuitupa. Ni asali nzuri. Niliila na mihogo."

Nilitoka nje. Sijui kama nilitaka kucheka au kulia. Nadhani vyote viwili vilifika mlangoni kwa wakati mmoja vikazibana. Yule mama alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliopata kuwahudumia. Alikuwa akijiosha kwa maji ya chumvi kama tulivyomfundisha, anakwangua papai kama alivyomwona Bi Leokadia akikwangua, anajifunga vizuri, hakosi siku. Na kwa utii huohuo alikuwa anajila mpaka mfupani.

Nilimpigia Bi Leokadia simu. Nikamweleza. Upande wa pili nikasikia kengele ya shule ikilia huko Kilakala.

"Nitampa simu, uongee naye," nilisema. "Mwambie aache. Ukimwambia wewe ataacha."

"Kwa simu? Dawa nitaichukua na nini, na sikio? Nakuja."

Magoti yake yalikuwa yameshaharibika. Kesho yake nilimwona akipanda mlima nyuma ya bodaboda, kofia ngumu juu ya kilemba, anamkaripia dereva kila kona. Aliposhuka alisimama kwanza akishikilia kiti cha pikipiki mpaka miguu ikakubali.

"Shikamoo, Bibi," Daktari Elisha alimpokea.

"Marahaba, baba. Nimesikia unataka kumtoa mguu rafiki yangu."

"Sitaki. Naogopa."

"Ni vizuri uogope. Ungekuwa huogopi ningeogopa mimi."

Mama Thekla alikuwa amelazwa akisubiri safari ya mjini. Tulimleta chumba cha vidonda. Wale wawili walisalimiana kwa Kiluguru, kirefu, wakiulizana habari za watu na mazao kama vile hakuna mfupa uliokuwa unatazama dari. Kisha Bi Leokadia akanyoosha mkono.

"Lipo wapi?"

Mama Thekla akatoa chini ya khanga nusu ya papai bichi iliyofungwa kwenye jani. Alikuwa ameingia nalo wodini, akalificha chini ya mto, na wauguzi wote tulikuwa tumepita hapo. Bi Leokadia alilipokea kwa mikono miwili. Alifungua kidonda, na nilimwona akifunga macho kwa muda mfupi alipokiona. Aliishika ile chachi pamoja na lile papai, akasema yale maneno yake. Safari hii aliyarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu na daktari.

"Dawa yangu imefanya kazi, imechoka. Nimeichukua."

Akaenda dirishani, akalitupa papai chini mteremkoni, tukalisikia likipasua majani. Akanawa mikono. Akanawa tena. Halafu akaukamata mkono wangu, akauweka juu ya goti la Mama Thekla.

"Huyu ni mkono wangu. Akikupa, nimekupa."

Mama Thekla alinipima kuanzia kichwani. "Huyu Mnyamwezi?"

"Huyuhuyu."

"Wa Ngerengere?"

"Treni inapita na watu wengi, Thekla. Huyu alishuka."

Daktari Elisha alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka, wala hakutikisa kichwa. Alisema tu, "Nitasubiri. Lakini nitautazama mfupa mimi mwenyewe kila asubuhi, na ukibadilika rangi sisubiri tena." Bi Leokadia akamwambia hilo ndilo neno la maana lililosemwa chumbani humo siku hiyo. Kisha akaomba chai.

Kabla hajapanda pikipiki yake kurudi alinivuta pembeni. "Nilipostaafu nilimngojea," alisema. "Mvua ikanizidi nguvu, na wale na keki yao. Wewe usiondoke na dawa ya mtu mkononi." Ndiyo maana wiki yangu ya mwisho mliniona nikiwaita wagonjwa wangu mmoja mmoja, mkaulizana kama nimezidiwa na uzee. Sikuwa ninawaaga. Nilikuwa ninawakabidhi kwenu. Mkianza kumpa mtu dawa, yoyote ile, ya mti au ya kiwandani, msiishie kumwambia lini aanze. Muulizeni anaamini nani atamwambia aache.

Nilianza asali siku ileile aliyokuja Bi Leokadia, juu yake jani la mgomba, juu yake bandeji. Mama Thekla alikaa wodini, kwa hiyo hakuna mihogo iliyohusika. Siku za kwanza hakuna kilichoonekana, isipokuwa kwamba damu iliacha kutoka nilipokigusa. Daktari alikuja kila asubuhi na tochi yake ndogo, anainama, anaondoka kimya. Halafu ile nyama nyekundu ikaanza kuinuka kutoka pembeni kwenda katikati, kama maji yanavyojaa kwenye alama ya mguu shambani, na siku moja Daktari Elisha aliinama, akazima tochi, akasema hauoni tena mfupa. Mama Thekla alimuuliza kama amesikitika. Ndiyo mara pekee nilipomsikia daktari yule akicheka kwa sauti.

Ngozi ilikuja polepole zaidi. Ilianzia ukingoni, utando mwembamba wa rangi ya waridi, mwororo kiasi kwamba niliogopa kuupumulia. Alipotoka wodini alikuja siku za gulio, na safari hizo alileta asali yake mwenyewe, kutoka mizinga ya kwao juu. "Ukae nayo wewe," aliniambia, akiniwekea chupa mezani. "Mimi ninajijua." Alifika, akalala kitandani, akanisimulia pilipili manga ilivyozaa, nani anaichuma kwa niaba yake na anavyoichuma vibaya, na jinsi kaka yake alivyoacha kumtaja binamu. Akiondoka aligeuka mlangoni na kusema asante, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuisikia ile asante kwa sikio lingine. Ilikuwa ya maji ya kunywa, ya kitanda safi, ya kuhamishiwa kiti. Nilikuwa mgeni mwenye adabu aliyeazimwa mkono wa mtu.

Mvua za vuli zilipokaribia, nilimfungua kwa mara ya mwisho. Hapakuwa na kidonda. Palikuwa na kovu, pana, linalong'aa, limekunjamana kidogo upande mmoja kama khanga iliyopigwa pasi kwa haraka. Nililibonyeza kwa kidole, halikuuma. Daktari alikuwa ameshalitazama na kurudi kwa wagonjwa wake. Tulikuwa wawili tu chumbani, na ukungu dirishani.

Niliishika ile chachi mkononi. Maneno ya Bi Leokadia ya Kiluguru sikuyajua, na nisingethubutu kuyaiga.

"Mama Thekla," nilisema, "dawa yangu imefanya kazi. Nimeichukua."

Aliteremka kitandani, akasimama kwa mguu ule peke yake, mwingine ameuinua, mkono mmoja ukutani, kama mtu anayeipima ngazi kabla ya kuipanda. Ukamkubali. Akavaa viatu, akajitwika kikapu chake kilichokuwa na mafungu ya mdalasini ya kupeleka gulioni, akaweka sawa khanga.

Nilisimama karibu na bakuli, nikiingojea asante yake, kwa sababu nilikuwa nimezoea. Alilisogeza pazia, akashika kitasa. Hakugeuka. Hakusema neno. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake, na nikausikia ukifunga.